Mafaili Mawili Yenye Jina Moja

Siku niliyoaibika kwenye duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, mdogo wangu, huirudia kila ninapofungua kompyuta. Sina mvi za kukuitia mwanangu. Acha aibu yangu ihesabiwe umri.

Kuandika programu nilijifunza peke yangu, chumbani kwangu, mtaa wa Ngokolo. Nikatengeneza king'ora cha kushushwa ndani ya shimo kabla ya mchimbaji, kilie hewa ikipungua. Kiwango cha hewa ambacho chini yake kingelia nilikiandika katika faili dogo, mipaka.h, ambalo programu kuu hulivuta kwa kulitaja jina tu. Wakati wa majaribio king'ora kililia hovyo, majirani wakanigombeza. Nikanakili lile faili, nikashusha kiwango, nikaiweka nakala kando ya programu kuu. Baadaye nilirekebisha kiwango, lakini kwenye faili la asili. Nakala nikaisahau. Siku tatu nzima nilikuwa nanyoosha mistari ya programu ipendeze macho, kama mtu anayepaka rangi mlango wa nyumba isiyo na paa.

Nikakipeleka Geita, kwa wachimbaji. Maganga, mchimbaji, alikwisha kujifunga kamba kiunoni. Kifaa changu kikashushwa, kikanyamaza.

"Hewa safi," nikasema.

"Subiri kwanza," akasema Mzee Shija, mzungusha winchi ya kushushia watu. Akawasha mshumaa ndani ya kopo, akaushusha. Haukufika hata nusu ya shimo, ukazimika kwa kukosa hewa.

"Injinia, mashine yako imelala?" Maganga akauliza. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Dukani waliniuzia kipima hewa kibovu," nikajibu. Nilikuwa sijaangalia chochote. Mdomo ulitangulia.

"Basi fungua tuone," akasema mzee.

Nikafungua kompyuta mbele yao. Kulikuwa na mafaili mawili ya mipaka.h, na programu huchukua kwanza lililo jirani nayo. Ilikuwa imechukua ile nakala. Kipima hewa kilikuwa kizima.

"Mafaili yapo mawili, babu," nikasema kwa sauti ndogo. "Kosa ni langu. Dukani nimewasingizia."

Mzee hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinyanyua kipande kifupi cha kamba kuukuu. "Kamba ikichoka, hapa tunaikata vipandevipande mbele ya watu wote. Hatuiweki kando. Ukiiweka kando, kuna siku mtu atafungwa nayo."

Maganga akafungua fundo lake, akakaa chini.

Nakala ile niliifuta palepale, wote wakiona.

Mdogo wangu, jambo moja liwe na faili moja, mahali pamoja. Ukilivuta, andika njia yake kamili, kisha fuata mwenyewe uone imefika wapi. Nakala ya majaribio ifute siku hiyohiyo. Usihangaike na uzuri wa mistari kabla hujajua kinachosomwa ni kipi. Na ukikosea, sema mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kilikaribia kuniumbua kwa roho ya mtu mwingine.

Mungu akujalie ulione kosa lako ungali juu, kabla mwenzako hajashuka nalo.