Rangi Yake Ubavuni

Mwaka magugu yalipoanza kujaa ghuba ya Kisumu, nilikuta mashua yangu kuukuu ya tanga imetobolewa ubavuni. Jirani yangu pale gatini, mwenye mashua ya injini ya rangi ya buluu, alikuja kunipa pole.

"Bwana, hilo ni jiwe," alisema. "Uliligonga mwenyewe kule ufukoni Luanda Kotieno, ukasahau. Uzee huo!"

Ndani ya faiba iliyopasuka, zile nyuzi za kioo zilizounda mashua yangu, nilikuta gamba la rangi ya buluu limenasa. Wiki ile ile aliipaka mashua yake rangi nyeupe.

Nilipiga msasa kingo za tundu, nikabandika kitambaa cha faiba tabaka kwa tabaka, nikikilowesha kwa gundi yake, ambayo ikikauka huonyesha ndani kama kioo. Gamba la buluu nililaza juu ya tabaka la mwisho, nikalifunika kwa gundi. Ubavu wote nilipaka rangi isipokuwa hapo.

Kisha nikaifunga mashua kando ya yake. Kila mvuvi aliyeuliza nilimweleza, kwa sauti.

Mwezi haukuisha, jirani akaja na msasa mkononi. "Mzee wangu, niruhusu nikufutie hapo."

"Si ulisema ni jiwe?" nikamjibu. "Liache."