Fundo la Ndama na Kitanzi cha Kware

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Misunkumilo, Fundi Mkuu wa visima hakunipa sururu. Alinipa kamba. "Imba kwanza, ndipo ufunge," akasema. Nikacheka. Akaninyang'anya kamba, akaniacha nimesimama juani hadi mchana.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa wachungaji wa zamani: "Fundo la ndama, lishike lisibane, kitanzi cha kware, kiache porini." Fundo la ndama halitelezi; ndama avute asivute, duara la shingoni linabaki lilivyo. Hilo ndilo la kumfunga mtu. Kitanzi cha kware ni cha mtego, kadiri unavyovuta ndivyo kinavyokaza. Hicho sisi tulifungia ndoo tu. Na sheria ilikuwa moja: wa juu anaanza mstari, wa chini anapapasa fundo lake, kisha anamalizia. Asipoitika, havutwi.

Baadaye nikahamishiwa kijiji cha Mamba, chini ya Msimamizi mwenye haraka zake. "Tunachimba kisima, hatuko kwaya!" Nami, mjinga, nikaacha kuimba.

Asubuhi moja ukuta wa kisima ukaanza kumeguka, na rafiki yangu Masanja, tuliyejifunza naye wimbo kule Misunkumilo, yuko chini, hana kamba. Nikachomoa ndoo, nikamtupia kamba na kitanzi chake hicho hicho. Akajivika. "Vuta!" Msimamizi akafoka. Tukavuta. Masanja akapiga yowe moja, kisha kimya. Mungu wangu! Kitanzi kilikuwa kinamkaba mbavu. Tukivuta tunamuua, tukiacha udongo unamzika.

"Legezeni!" Nikainama shimoni, nikaimba nusu ya kwanza. Kimya. Udongo ukamwagika. Nikaimba tena. Ndipo sauti ikapanda, imekauka: "...kitanzi cha kware, kiache porini." Alikuwa amefunga upya, kwa fundo la ndama. Tukamtoa, mbavu mbili zimevunjika.

Sasa nimestaafu, nipo Majengo. Visima vinachimbwa kwa mashine, na nyie vijana mnaniuliza, "Babu, nyimbo za nini?" Masanja hunitembelea kila Jumapili baada ya ibada. Akiketi, anashika ubavu, anamlaani Msimamizi. Anaamini ndiye aliyemtupia ile kamba. Na mimi miaka yote hii namwitikia, "Yule mzee alikuwa mkorofi kweli."

Haya, nyie mmeshajua kabla yake. Jumapili hii akipiga hodi, sitamkaribisha ndani kabla sijamwambia.