Sauti ya Dungu la Pili

Shamba letu la mpunga, huku Mbwera, lina madungu mawili: vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ili mtu aone ndege wanapotua. Punje zikianza kujaa maziwa, mke wangu hukaa dungu la mashariki, mimi la magharibi, nasi tunaamia ndege wasile mpunga tangu alfajiri mpaka jua lizame. Mimi hutumia kombeo na madongo. Yeye miaka yote alitumia mdomo, na mdomo huohuo haukuniacha mimi: ndege wakitua upande wangu, alinipigia kelele.

"Baba watoto, umelala? Wageni wako wameshanawa mikono."

Kitindamimba wetu alifariki kwenye boti tukimpeleka hospitali. Maji yalikuwa yamekupwa, boti ikakaa kwenye tope, tukasubiri yajae. Yalipojaa tulirudi naye nyumbani.

Baada ya hapo mke wangu aliacha kuita. Alipika, aliswali, alijibu salamu. Shambani alivuta kamba ya makopo tu. Makopo yaligongana, ndege wakaruka, kisha kimya.

Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini jambo nisilolijua hulifuata mpaka nilielewe. Nilisoma kwenye simu kuhusu huzuni isiyopungua, na kuhusu watu waliosomea kuitibu kwa mazungumzo. Nikasoma pia kwamba yeyote anaweza kujiita mshauri, ila mwanasaikolojia anayetambulika amesajiliwa na ana leseni. Nikaamua kumtafuta huyo, tena awe wa karibu.

Dada yake mke wangu hakupendezwa. "Shemeji, huyu wa kuchezewa ngoma ya pepo. Wewe unamtafutia mtu wa kuongea naye! Kwani sisi midomo tumepewa ya nini?"

"Ninyi mkikaa naye mnalia."

"Sasa tusilie?"

Siku iliyofuata nilivuka na boti ya asubuhi, nikafika Kibiti. Kijana wa bodaboda nilimweleza ninachotafuta, akafikiri sana.

"Mzee, wa meno nampata, wa macho nampata. Wa huzuni, labda uulize kwa manesi."

Nesi aliniambia wa kudumu hawana, ila yupo mmoja anayekuja kutoka Dar siku za kliniki. Ikanibidi nirudi tena Kibiti. Nilimkuta, binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Kabla ya kukaa nilimwomba leseni. Alinionyesha, kisha akanielekeza namna ya kuhakiki namba yake kwenye baraza lililomsajili.

"Wengi hawaulizi, baba. Umefanya vizuri." Akasubiri nikae. "Mama mwenyewe anataka kuzungumza?"

"Sijui."

"Basi asiletwe. Mpe namba yangu ya simu. Akitaka, atapiga, tutaanzia hapo."

Nilimweleza mke wangu yote, pamoja na ile leseni. Alinisikiliza akipepeta mchele, kisha akaupeleka jikoni. Nikadhani yameisha.

Siku kadhaa baadaye, tukiwa shambani, alipita katikati ya mpunga akaja hadi chini ya dungu langu. Akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Huku kwetu mtandao haushiki chini. Unashika juu ya dungu, na lake linashika kuliko langu. Kwa hiyo siku walizopatana na yule binti, mke wangu hupanda na simu, nami hubaki upande wangu. Naona mgongo wake na ncha ya kanga. Sauti inanifikia bila maneno, kama ya mtu anayezungumza nyumba ya jirani. Wakati mwingine inachukua muda mrefu. Akishuka ananirudishia simu, nami siulizi. Nilimtafuta yule binti ili sauti hii irudi, na imerudi kwake kwanza.

Wiki iliyopita walikuwa katikati ya mazungumzo kundi la ndege likatua mbele ya dungu lake. Nilikuwa nimeshatia dongo kwenye kombeo. Kabla sijalizungusha, nikamsikia:

"Haya, tokeni! Kwenu hawapiki?"

Yule binti wa Dar lazima alishtuka. Ndege waliruka wote kwa pamoja, wakapita juu ya shamba, wakatua upande wangu. Mke wangu akageuka kuwatazama, simu bado iko sikioni.

Nililiweka kombeo chini, nikajiegemeza kwenye mti wa dungu. Mpunga wangu ulianza kuliwa. Niliwaacha waendelee kula, huenda akadhani nimelala, akaniita.