Viatu vya mama vimemchongea kliniki

Leo mama yangu amechongewa na viatu vyake mwenyewe.

Ni viatu vya wagonjwa wa sukari, vya kulinda nyayo. Ndani vina kifaa kinachoonyesha kwenye simu ya nesi umevivaa lini. Mama alikuja navyo kwenye mfuko, miguuni kandambili.

Nesi akatazama simu yake.

"Mayu, mama yangu, mbona unavaa Jumapili tu?"

"Ni vya kanisani hivi. Niende navyo kwenye shamba la pamba?" Akavigeukia viatu. "Kumbe ninyi wambea."

Tulicheka, kisha nikamkumbusha habari ya baba. Baba naye alitunza viatu vipya, akatembea peku mpaka kidonda cha mguu kikamchukua. Tulimvisha viatu hivyo siku ya mazishi, bado vinang'aa.

Mama akanitazama. Akavivaa palepale.

Jioni nimemkuta navyo zizini, vimejaa mavi ya ng'ombe.

Chekeni tu. Mimi nimefurahi.