Skuta Iliyonukia Nyama Choma

Nililotoka nalo Lodwar ni gauni. Furaha, rafiki yangu Mkongomani anayeishi Kakuma, alikuwa anaolewa Jumamosi, na mshonaji wake ni mimi, Akai, mwenye vyerehani viwili na mdomo mmoja usiojua kukataa kazi. Lesi ilichelewa kufika kutoka Kitale, kwa hiyo kifungo cha mwisho nilikishona Alhamisi jioni. Usiku ule Furaha akanipigia simu kwa sauti ya upole mno, ile ya mtu aliyekwisha kulia. Wifi yake alikuwa amemletea gauni la kuazima, na humo ndani wangeenea yeye, wifi na mtoto mgongoni. Nikamwambia asilijaribu hata kwa mchezo. Kesho ningefika.

Ningefika na skuta. Ninyi mlio nyumbani mnaijua, maana hamjaacha kuicheka. Ni kubwa, nyeupe, ina kiti kipana na sanduku nyuma, na haina gia za kubadilisha kwa mguu: unafungua mafuta, inaondoka. Bodaboda wa mjini wanaiita kitanda. Shangazi yangu Nakiru, aliyenilea, anaiita Lokwang, jina la fahali mweupe, na akipita karibu nayo huipapasa ubavuni.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta shangazi uani na kopo lake la mafuta ya mkia wa kondoo. Alikuwa anaipaka taa.

"Shangazi, hiyo ni mashine."

"Na inaenda mbali. Ng'ombe ya mtu itoke safari ikiwa kavu hivi? Watu watasema nini?"

Nani abishane na baraka? Nikaingia ndani kulifunga gauni kwa nailoni. Nilipotoka, shangazi alikuwa anafuta vidole kwenye shuka, uso umemchangamka.

"Nimepaka kila mahali," akasema. "Hata kwa pua."

Sikuuliza pua ni ipi. Nilikuwa na haraka, na nilidhani anazungumzia taa.

Tulipotoka mjini, Lokwang alikwenda vizuri kabisa, mimi nikaanza hata kuimba. Jua lilipopanda kidogo nikasimama kupisha mbuzi. Nilipofungua mafuta tena, skuta ilitetemeka mpaka meno yangu yakagongana, ikaruka mbele, ikasita, ikaruka tena. Mwenye mbuzi akashika fimbo yake kwa mikono miwili akarudi nyuma. Mwendo ulipokolea, utulivu ukarudi. Nikasimama tena kujaribu: mtetemo ule ule. Wimbo uliniishia hapo.

Kwenye kituo kidogo cha barabarani bodaboda walikuwa wamekaa kivulini. Mmoja wao, Ekal, kijana mwenye miwani ya jua na uhakika mwingi, akaizunguka skuta kama daktari.

"Madam, hii ni cheni. Imelegea. Kaza cheni tu."

"Haina cheni."

"Kila pikipiki iko na cheni."

"Basi ionyeshe."

Akapiga magoti, akachungulia chini, akachungulia ubavuni, akavua miwani akachungulia tena. Wenzake walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye mtungi wa maji. Ekal akainuka, akajipangusa magoti, akatoa uamuzi wa pili: "Basi waliiba."

Hata hivyo alinisaidia kupima upepo wa magurudumu kwa teke na kunitikisia gurudumu la nyuma kuona kama limelegea. Lilikuwa imara. Tukaisimamisha kwa stendi ya katikati, nikawasha injini. Ikanguruma taratibu, haina neno. Nilipofungua mafuta kidogo na gurudumu likaanza kuzunguka, kishindo kikaja. Hapo nikaanza kufikiri kama mshonaji. Cherehani ikikimbia vizuri bila kitambaa na kugoma penye kitambaa, huna haja ya kulaumu mota. Injini ilikuwa nzima na gurudumu lilikuwa zima. Ugonjwa ulikuwa katikati yao, ndani ya kifuniko cha ubavuni ambako mkanda unazungushwa kati ya pulii mbili. Nilijipongeza sana kwa akili hiyo. Lakini spana ya kukifungua sikuwa nayo, wala Ekal, maana yake zote zilikuwa za cheni.

Mbele zaidi, kwenye laga, mto mkavu wa mchanga, mambo yakaharibika. Kushuka mchangani tulishuka. Kupanda ng'ambo, injini ilipiga kelele kwa nguvu zake zote huku sisi tukiwa palepale. Nikashuka nikasukuma, jasho linanitiririka, viatu vimejaa mchanga. Nilimwona Furaha akilini akipita katikati ya kanisa ndani ya lile hema la wifi, na nitasema wazi, nilitokwa na machozi kidogo. Halafu nikasikia harufu ya nyama choma. Nikatazama huku na huku: hakuna nyumba, hakuna moshi, hakuna mtu. Nikasema jua limenipata.

Kwenye kizuizi cha polisi afisa alinisimamisha, akavuta pumzi ndefu.

"Madam, umebeba nyama?"

"Gauni, afande."

"Gauni gani inanukia hivi?"

Akaniambia nifungue sanduku. Akaliona gauni jeupe limelala ndani ya nailoni na lesi yake yote. Sijawahi kuona mtu akisikitishwa hivyo na nguo ya harusi. Akanipungia mkono niende, nikaondoka, skuta ikitetemeka.

Kakuma niliingia alasiri, mwendo wa punda. Furaha alikuwa barabarani ananingoja, kitambaa kichwani, na kabla ya salamu alilichukua gauni akalikumbatia pamoja na nailoni yake. Kisha akanipeleka kwa mjomba wake, Papa Musafiri, fundi wa pikipiki aliyetoka Bukavu na kelele zake zote. Nikamweleza dalili. Akasikiliza, macho amefumba.

"Ni roli," akasema. "Ndani ya pulii kuna vyuma vidogo vya muviringo. Vikikulwa upande mumoja, moto, pikipiki yako, inatetemeka. Minajua hii ugonjwa."

Akafungua kifuniko. Roli zilikuwa mviringo kama siku zilipotengenezwa. Lakini kila kitu kingine, mkanda, pulii, klachi, kilikuwa kimepakwa uji mweusi wa mafuta na mchanga, unafuka moshi kidogo. Papa Musafiri akachovya kidole, akanusa, akanusa tena.

"Mungu wangu. Akai, ulipika mukondoo humu ndani?"

Nikatazama ubavu wa kifuniko, pale penye matundu ya kuingiza hewa ya kupoza mkanda. Matundu mawili, yameinama kidogo, yamezibwa kwa mafuta yaliyoganda; mengine yalikuwa yameyeyuka yakavutwa ndani. Pua. Shangazi alikuwa amempaka Lokwang puani, na kwa ukarimu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Papa Musafiri hakucheka mara moja. Kwanza alitaka kujua kondoo alikuwa wa nani. Akaosha pulii kwa petroli, mkanda akauosha kwa sabuni na kuukausha vizuri, akaikwangua klachi kwa msasa. Nilipoijaribu, Lokwang aliondoka kimya, laini, bila kuruka. Ilibaki harufu tu.

Jumamosi Furaha aliingia kanisani, kwaya inaimba kwa Kiswahili cha kwao na Kifaransa, na gauni lilimkaa vizuri, sikuona mahali pa kutia sindano. Bwana harusi alimsogelea, akavuta pumzi mara mbili, akatabasamu kama mtu aliyeitwa mezani. Mimi nililia tena, safari hii kwa raha.

Njiani kurudi, shida ilikuwa moja: nimwambie nini shangazi? Nilitunga hotuba tatu za mikanda na pulii, nikazitupa zote lagani. Nilimpungia Ekal, akanipigia kelele kuuliza kama cheni ilipatikana.

Nilipofika uani, shangazi aliipapasa skuta kwanza, mimi baadaye.

"Ejok-a? Ilitembea vizuri?"

"Ejok-nooi, vizuri sana. Ilinifikisha."

"Ni mafuta," akasema, akaenda kulileta kopo, maana wiki iliyofuata nilikuwa na kazi Kalokol. Akainama kuelekea ubavuni. Nikamshika mkono.

"Shangazi, Lokwang ana mafuta yake, fundi anampa. Anayesafiri ni mimi, na hujawahi kunipaka."

Akainuka, kopo mkononi. Kisha akaniambia nipige magoti, akanipaka paji la uso, mashavu na shingo, polepole, akiniombea kwa Kiturkana kama nilivyomsikia zamani akiwaombea ng'ombe. Nilijifunza mengi kuhusu mikanda katika safari ile, lakini nililolibeba ni mikono ile miwili.

Alipomaliza, akanipaka na puani.