Nyumba ya Bangwe Niliyoiona Kiangazi

Siku niliyoiona nyumba ya Bangwe, kule Kigoma kando ya ziwa, naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa kama ningeweza kuisahau ningeisahau. Nisikilize sasa, maana leo mgongo umeamka vibaya na sitasema mara mbili.

Nilikuwa mwalimu mgeni, nimehamishiwa Kigoma kutoka Singida. Mke wangu alibaki kwao na binti yetu wa miezi minne, wanasubiri nipate nyumba waje. Nilikuwa nimezunguka mitaa ya Katubuka na Buzebazeba mpaka soli zikaisha. Basi dalali aliponionyesha vyumba viwili, rangi mpya, dirisha linatazama ziwa, maji yametulia kule chini, nikasema hapa hapa! Nilichoka kutafuta, ndiyo kweli yenyewe.

Jirani, Mama Feza, mama wa Kikongo, alikuwa anageuza dagaa juani. Akaniita, "Baba, karibu ukae kidogo kwanza." Dalali akanivuta shati. Nami, na ujana ule, nikajibu, "Asante mama, nina haraka." Hata kusimama sikusimama. Nilidhani ni maneno ya adabu tu.

Nikahamia, mke wangu na mtoto wakaja. Mvua zikakolea, ziwa likapanda. Mchana mmoja narudi kutoka shuleni, namkuta mke wangu juu ya kitanda, mtoto kifuani, ndala zinaelea chumbani. Mama Feza alikuwa ameshaingia, khanga kaikunja magotini, anampokea mtoto. Rangi ilikuwa imebanduka, na chini yake ikaonekana alama ya maji ya mwaka uliopita.

Mke wangu akaitazama ile alama. "Hukumuuliza mtu?"

Mama Feza ndiye aliyejibu, kwa upole ulioniuma kuliko matusi. "Nilimkaribisha akae. Mbele ya dalali ningesemaje? Nilitaka akae, yule achoke, aende zake, nimweleze."

Wiki ile mke wangu alimbeba mtoto akarudi Singida. Mimi nikahamia chumba, nikahama tena, na tena. Walirudi baada ya miaka miwili. Binti yangu aliniamkia, "Shikamoo mgeni," akajificha nyuma ya mama yake. Mpaka leo, naye ana watoto wake, wao nyumbani wakicheka kisa hicho mimi natoka nje.

Sasa nasikia kesho unakwenda na dalali kuona nyumba. Nenda. Ila akishakuonyesha, muage, kisha urudi peke yako. Wasalimie majirani. Ukikaribishwa kukaa, kaa, hata kama miguu inauma na unatamani yaishe. Kunywa hiyo chai. Uliza maji hufika wapi mvua zikinyesha, halafu funga mdomo usikilize.

Mungu akupe nyumba kavu, mwanangu, na jirani wa kukuita. Na wanao wakukute humo, wakuite baba.