Zoezi la Kushika Sikio

Nichekeni tu, ndugu wasomaji, maana mimi mwenyewe bado ninajicheka. Magoti yangu yalikuwa yamekaza mno, hata kanisani nikishapiga magoti ilibidi watu waniinue. Ndiyo sababu nikanunua raba za mitumba, nikajiunga na mazoezi ya tenisi ya pamoja hapa Songea.

Mwalimu, kijana mgeni mjini, alinionya mapema. “Mzee, ukishindwa kwenda na wenzako nitakukalisha benchi. Mfuate Mama Zawadi hapo mbele yako, yeye anayajua yote.”

Nikamtii. Mama Zawadi akizungusha raketi, nami nazungusha. Mara akasimama, akashika sikio, nikashika langu. Akakung'uta gauni kifuani, nikakung'uta shati. Kisha akachuchumaa, akasogea polepole akipapasa chini. Nikajua hilo ndilo zoezi la mipira ya chini. Nikachuchumaa na kupapasa, na magoti yakakubali, nikawa namshukuru Mungu kwa sauti.

Mama Zawadi akageuka, akanitazama kwa huruma.

“Pole, Baba Katekista,” akasema, uwanja mzima ukisikia. “Kumbe na wewe umedondosha hereni?”